Pete ya Vipande Kumi na Viwili

Penseli nyingi za siku hizi hazinuki chochote. Lakini katika kila pakiti ninayomnunulia binti yangu hutokea moja au mbili ambazo, ukizichonga, hutoa harufu ya mtarakwa, kavu, tamu kidogo, ya kukaa puani. Harufu hiyo ikinipata sina ujanja. Mikono husimama yenyewe. Nina miaka tisa tena, nimefungiwa ndani ya karakana ya baba yangu pale Kebirigo, na nje ni Desemba.

Baba yangu nilimwita Tata, kama watoto wa Kigusii tunavyowaita baba zetu. Alikuwa fundi wa kukereza mbao. Karakana yake ilikuwa chumba cha mabati nyuma ya soko, na ndani yake mlikuwa na mashine moja tu ya maana, aliyoiunda mwenyewe kwa mota ya kinu cha posho kilichokufa. Mti unafungwa katikati ya vyuma viwili, mota inauzungusha kwa kasi, fundi anauegemezea patasi, nao unatoka mviringo. Alitengeneza miguu ya vitanda, miguu ya stuli na vijiti vya kusukumia chapati. Nusu ya Kebirigo ililalia miguu iliyotoka mikononi mwake. Mama alikuwa ameshafariki, kwa hiyo tuliishi wawili tu, katika chumba kilichopakana na karakana.

Siku shule ilipofungwa nilirudi mbio, begi likinipiga mgongoni, kichwani nikiwa na mipango ya mwezi mzima. Tata alikuwa amesimama mlangoni.

"Kuna oda," akasema.

"Ya vitanda?"

"Ya mapambo ya Krismasi. Tajiri mmoja wa Kihindi, mwenye duka la zawadi Kisii mjini, anayataka. Yatakwenda Ulaya kama vinyago vya mawe vya Tabaka. Utanisaidia."

"Mangapi?"

"Mengi. Mpaka yaishe, hakuna kutoka nje."

Krismasi ya kwetu niliijua. Ulikata tawi la saipras, ukaliegemeza kwenye kona ya nyumba, ukalizungushia karatasi ya chooni na baluni mbili, kazi ikaisha. Pambo alilonionyesha Tata lilikuwa kitu kingine kabisa: tufe la mbao la ukubwa wa chungwa, tupu ndani, jepesi hata ukashangaa, lenye mistari ya mti mwekundu na mti mweupe, na chini yake kijiti chembamba kilichochongoka kama tone la maji linalotaka kudondoka. Niliuliza alichongaje mti mmoja ukawa na rangi mbili. Akacheka, kitu ambacho hakukifanya mara kwa mara.

"Si mti mmoja. Ni vipande sitini."

Ilikuwa hivi. Alikata vijipande vya mtarakwa, ule mwekundu, na vya jakaranda, ule mweupe, kila kimoja kikiwa kipana upande mmoja na chembamba upande wa pili. Kazi yangu ilikuwa kuvisugua kwenye msasa, kuvipaka gundi ubavuni, kisha kuvipanga kumi na viwili vifanye pete. Pete niliibana kwa mpira uliokatwa kutoka tyubu ya baiskeli, nikiuzungusha na kuuvuta mpaka vidole viniume, nikaiacha hadi kesho yake. Pete tano zilizopandana zilitosha tufe moja. Tata alizikereza kama nusu mbili za bakuli, akazigandisha zikawa kitu kimoja.

"Ukikosea unywele mmoja kwenye kila kipande," aliniambia, "kosa halipotei. Linajikusanya lote kwenye kipande cha mwisho. Hapo pete inakataa kufunga."

Na gundi isionekane. Hilo alilishikilia kama dini. Gundi ikifurika pembeni ya kiungo, hata kama uzi, aliifuta kwa kitambaa chenye maji na kunitazama mpaka nione haya. Fundi anayeacha gundi ionekane, alisema, ni mtu anayetoka nyumbani bila kufunga vifungo vya shati.

Siku ya kwanza niliona fahari. Siku ya tatu nilianza kuhesabu misumari ya mabati. Mlango ulikuwa na komeo la ndani, na Tata alipokwenda kutafuta mbao alinifungia kwa kufuli la nje. Dirisha lilikuwa dogo, limepigwa wavu wa waya ule wa kuanikia kahawa, na kupitia matundu yake niliona soko kwa vipande vipande: kikapu cha ndizi bila mbebaji, miguu ya mbuzi, sketi ya mtu. Hata chooni Tata alinisindikiza, akasimama nje akijikoholesha. Vumbi la msasa liliingia kwenye uji na kwenye nywele. Mvua ya alasiri ikipiga mabati, nililia kwa sauti kubwa nikijua hakuna atakayesikia, na nikikiri ukweli, nilikuwa nafurahia kile kilio. Hakukuwa na burudani nyingine.

Wa rika langu kutoka kwetu wameshajua nilichokuwa nakikosa. Miaka ile, likizo ya Desemba ndiyo iliyokuwa majira ya kukeketa wasichana. Sisi watoto hatukuliita hivyo. Tulisema "kuingia ndani". Unaingia ndani kwa bibi yako pamoja na wenzako, mnafungiwa juma moja au mawili, mnapikiwa kuku na chapati, mnaimbiwa, kisha mnatoka na magauni mapya na kila mtu anawaita wakubwa. Tulijua kuna maumivu mwanzoni. Binamu yangu Moraa, tuliyelingana umri, alikuwa na taarifa kamili: "Ni kama sindano ya pepopunda tu."

Tata hakuniambia neno lolote juu ya jambo hilo, wala hangeweza. Kwetu kuna chinsoni, yaani haya ya heshima kati ya mzazi na mtoto wake. Kuna mambo ambayo baba hayatamki mbele ya binti yake hata nyumba ikiungua. Bibi anaweza; bibi na mjukuu hutaniana wapendavyo. Lakini baba hufunga mdomo. Kwa hiyo Tata alifunga mdomo, akafunga na mlango, na mimi nikabaki kujitafutia maana. Nilipata mbili. Ya kwanza, kwamba Tata ni bahili, amenigeuza mfanyakazi asiyelipwa. Ya pili ndiyo iliyoniuma: kwamba kwa kuwa sina mama, haoni kama mimi ni mtoto wa kufanyiwa sherehe.

Siku moja ya soko, Tata akiwa ameenda kununua mtarakwa, nilisikia fimbo ikigonga mabati. Alikuwa Magokoro, mama yake Tata, bibi yangu.

"Mke mwenzangu, uko hai humo?"

"Niko, Magokoro."

"Baba yako amekulaza juu ya mayai kama kuku. Utatotoa lini?"

Nilicheka huku machozi yakinitoka. Nilimwambia kuna oda. Akalirudia neno hilo taratibu, "oda," kama mtu anayeonja mboga asiyoiamini.

"Wenzako wanaingia ndani Ijumaa," akasema. "Jogoo wako nimekufugia. Gauni nimenunua, la njano. Au unataka kubaki egesagane, uchekwe kisimani?"

Egesagane ndilo neno la kumtukania msichana ambaye hajakeketwa. Lilinichoma pale pale dirishani.

"Nitatokaje? Ameweka kufuli."

Magokoro alisogeza uso karibu na dirisha. Kupitia wavu niliona sehemu ya kitambaa chake cha kichwa na jicho moja.

"Oda ikiisha atafungua," akasema. "Na ikiharibika, si itakuwa imeisha pia?"

Mpaka leo sijui kama alinena tu au alinituma. Najua nilichofanya. Baada ya yeye kuondoka nilichukua pete niliyokuwa naipanga, nikafika kwenye kipande cha mwisho, kipande cheupe cha jakaranda. Badala ya kukipaka gundi barabara nilikitia tone moja tu, la kukishikilia kwa udanganyifu, kisha nikakitemea mate pande zote mbili. Nikakisukuma mahali pake, nikabana mpira. Pete ilifunga vizuri kuliko zote nilizowahi kutengeneza. Nilifikiri tufe litapasuka mikononi mwa yule Mhindi, akasirike, avunje oda, na mimi nivae gauni la njano.

Alhamisi asubuhi Tata aliifunga nusu ya tufe hilo kwenye mashine. Nilikuwa nimesimama karibu, nikisugua msasa. Mti ukizunguka vizuri hutoa mlio mmoja, laini, usiopanda wala kushuka, na Tata alikuwa amenifundisha kuusikiliza. Ukuta wa tufe ulikuwa umeshakuwa mwembamba kama ganda la yai, na hapo mlio ukabadilika. Ukaanza kugota. Niliusikia kabla yake, kwa sababu mimi nilikuwa nausubiri na yeye hakuwa na sababu ya kuusubiri. Nilifungua mdomo nimwite.

Sikumwita.

Kile kipande kiliruka na kumpata kwenye jicho la kushoto. Hakupiga kelele. Alipapasa swichi akazima mashine kwanza, ndipo akaketi chini kwenye maranda ya mbao, mikono usoni, damu ikimpita katikati ya vidole. Akaniuliza, "Wewe umeumia?" Nikasema hapana. Akaniambia nifungue mlango niite watu.

Fikiria hilo. Komeo nilikuwa nimelitamani kwa siku nyingi, na nililifungua kwa mikono yangu, na sikutaka tena kwenda popote.

Watu wakaja, akiwemo jirani mwenye pikipiki, na Magokoro naye akafika akihema kutoka sokoni. Tata alikuwa amebana kitambaa jichoni.

"Mwanangu, kimbia hospitali," Magokoro alisema, akanishika bega. "Mtoto niachie mimi. Utamkuta."

"Mtoto anakuja na mimi."

"Fundi, wewe ni mgonjwa," jirani akasema. "Barabara ni mbaya. Mtoto abaki na nyanya yake."

"Anapanda pikipiki," Tata akasema, "ama mimi nakaa hapa hapa."

Nilipandishwa katikati ya jirani na Tata. Mkono wake mmoja ulinizunguka tumboni, wa pili ulishika chuma cha nyuma, na mtu hana mkono wa tatu wa kushikia kitambaa. Kilianguka kabla hatujatoka sokoni. Hakumwambia jirani asimame. Njia yote hadi Nyamira damu yake ilinidondokea shingoni, ya vuguvugu, ikiingia ndani ya kola, na mimi nikatulia tuli nikiwa na hakika moja: amejua nilichofanya, na ananipeleka polisi. Ndiyo maana hataki kuniachia.

Hospitalini nesi alimwambia alale kitandani, mtoto asubiri nje.

"Sista, huyu anakaa hapa."

"Mzee, hapa si mahali pa mtoto."

"Basi nishone nikiwa nimemshika."

Nesi alinitazama, akamtazama. Sijui aliona nini. Labda alitoka vijiji vile vile na aliijua Desemba. Alivuta kiti, akanikalisha ukutani, Tata akanyoosha mkono wa kushoto akanishika kifundo cha mkono. Hakukiachia mpaka dawa ya usingizi ilipomshinda, na hata hapo vidole havikufunguka haraka.

Jicho lilikwisha. Tulikaa pale siku nne, mimi nikilala miguuni pake, na Ijumaa ikapita kama siku nyingine yoyote, na uji wa hospitali. Jumamosi Magokoro alikuja na ndizi za kuchemsha. Yeye na Tata hawakutazamana. Gauni la njano alilivaa Moraa. Lilimzidi mabega kwa kuwa lilipimwa mwili wangu, nami nilipomwona nalo siku ya Krismasi, siku pekee Tata aliyonitoa nje, nilimwonea wivu hata nikashindwa kumsalimia. Ndipo nikagundua kwamba tulipokwenda kisimani alitembea nyuma yangu polepole. Moraa, ambaye hakuna mvulana Kebirigo aliyewahi kumshinda mbio. Nilimuuliza kama ilikuwa kama sindano. Akainamia mtungi wake, akaanza kuujaza.

Tata alirudi kwenye mashine akiwa na jicho moja, na mlango ukafungwa kama kawaida. Niliendelea kupanga pete, sasa kwa gundi ya kutosha, nikisubiri aniulize. Alivikusanya vile vipande vilivyovunjika kutoka sakafuni, nikamwona, akavitia kwenye mkebe wa kahawa. Hakuniuliza. Shule zilipofunguliwa akasema, "Oda imeisha," akatoa kufuli. Desemba iliyofuata oda ikarudi. Na iliyofuata. Mpaka nikaenda shule ya bweni na Magokoro akaacha kunitajia jogoo.

Kuhusu kufuli nilielewa nikiwa kidato cha pili, siku mwalimu wa kike alipofunga mlango wa darasa na kutueleza waziwazi nini hufanywa, na huacha nini mwilini. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Tata hakunichelea, aliniacha nilie Desemba nzima. Nilitaka kumwambia kwamba sasa najua, na kwamba ni mimi niliyetema mate. Lakini chinsoni hufunga pande zote mbili. Huwezi kumshukuru baba yako kwa jambo ambalo hamwezi kulitaja. Kila likizo nilifika na maneno yakiwa tayari, nikamkuta ameinama kwenye mashine, kichwa amekigeuza ili jicho zima lione kazi, nikaishia kumuuliza kama amekula.

Alifariki mwaka jana, maneno yangu yakiwa bado tayari.

Baada ya mazishi niliketi na Magokoro, ambaye amezeeka hata kutania kunamchosha. Nikamwambia, ili tu kusema kitu, kwamba yule Mhindi wa Kisii hakuleta hata rambirambi baada ya oda zote zile.

"Mhindi gani?" akasema. "Hakukuwa na oda, mke mwenzangu. Hata siku moja. Baba yako aliniibia mjukuu mchana kweupe." Akakaa akichezea fimbo. "Jina lako, Nyaboke, ni la dada yake. Tulimwambia baba yako kwamba dada yake alikufa kwa malaria. Alikuwa mdogo lakini hakuwa mjinga. Alihesabu siku tangu dada yake alipoingia ndani." Kisha akasema, na hakuwa akisema nami, "Na mimi nikanunua gauni lingine."

Nilimshika mkono. Sijui kama nimemsamehe. Nafikiri inategemea siku.

Gunia nililipata juu ya boriti za karakana, nyuma ya mbao zilizobaki. Mapambo yote yalikuwa humo, kila tufe limeviringishwa kwenye karatasi ya gazeti. Hakuna hata moja lililotoka Kebirigo. Nilipolifungua gunia ile harufu ikanipiga usoni nikaketi chini, pale pale alipoketi yeye siku ile.

Lile lililovunjika lilikuwa chini kabisa. Alikuwa ameviunganisha vile vipande vya kwenye mkebe, kimoja kimoja, kwa jicho moja. Ukipitisha kidole husikii pale lilipopasuka. Isipokuwa mahali pamoja. Kipande kimoja cheupe, chenye doa la hudhurungi, kilikuwa na gundi iliyofurika kila upande, imekauka ikawa kama ukucha, naye hakuifuta. Aliiacha ionekane, Tata, aliyekuwa hawezi kuvumilia hata uzi wa gundi.

Kwa hiyo alijua, na alijua hasa ni kipande kipi.

Desemba hii tufe hilo liko kwetu, limening'inia dirishani, kwa kuwa mti wa Krismasi hatuna. Juzi nilikuwa nachonga penseli na binti yangu alikuwa akilizungusha kwa kidole. Ana miaka tisa.

"Mama, hiki kipande mbona kina gundi nje? Fundi alisahau kufuta?"

"Hakusahau. Hicho ni changu. Nilikitia mate mahali pa gundi, babu yako akapoteza jicho."

Akaacha kulizungusha, akanitazama.

"Kwa nini ulifanya hivyo?"

Kwa mazoea ya kwetu mdomo ulianza kujifunga. Niliuhisi kabisa. Niliweka penseli mezani, nikamvuta akae karibu yangu, nikamwambia yote, kila jambo kwa jina lake.